Stika Inasema Nane

Subilaga aliingia na mvua ya Katumba nyuma yake,
laptopu mgongoni, kaifunga kwa mbeleko
kama mtoto aliyeamka na homa.
"Niwekee mfumo mpya. Nina nusu saa,
gari la maziwa haliningoji."
Akanipa flashi ya mpwa wake, bado ina joto la kiganja.

Nikamwambia, ngoja.
Humpelekei mtu wageni
hujui ana vitanda vingapi.

Nikawasha, nikabonyeza F2,
hodi ya kwanza, hodi ya pili,
ya tatu ikaitikiwa na ukurasa wa bluu
usio na picha wala tabasamu.
Saa yake ilisema Januari mosi, elfu mbili na tisa.
"Betri ya saa imekufa," nikaeleza.
Akacheka: "Basi humo ndani bado sijaolewa."

Nikachana karatasi ya daftari, nikashika penseli.
Prosesa? Viini viwili, mwendo wa kobe mwenye heshima zake.
Biti? Sitini na nne. Nikapumua.
Diski? Ya kuzunguka, gigabaiti mia tatu ishirini;
nikatega sikio: inakwaruza kidogo,
kama mtu anayetafuta funguo gizani.
Kumbukumbu?

Hapo nikasoma mara mbili.
Stika pembeni ya kibodi inasema nane,
herufi za dhahabu, haina hata mkunjo.
Ukurasa wa bluu unasema mbili.

Nikaigeuza, nikafungua skrubu.
Vitanda viwili vya kumbukumbu:
kimoja kina mlalaji,
kingine kitupu, vumbi limejilaza humo
miaka, halijaamshwa na mtu.
Haikuibwa jana. Haikuwahi kuwepo.

Subilaga akainama, akalitazama tundu lile.
Huyu ndiye kila alfajiri
husimama mlangoni pa ushirika na kipimo cha kioo,
akakizamisha kwenye ndoo ya kila jirani,
hata ya shemeji yake,
na maji yakiwemo husema "rudi nayo", basi.
Laki tatu na themanini zake, kule Mwanjelwa,
alizitoa kwa stika.

Hakulaani. Alishika ukingo wa meza,
akatamka kwa Kinyakyusa neno ambalo siliandiki hapa,
kisha kwa Kiswahili, taratibu:
"Nilinunua maziwa kwa kutazama ndoo."

Mfumo wa mpwa ulitaka nne, zisipungue.
Ningeweza kuulazimisha. Ungeingia,
ungekaa, halafu ungekaa tu,
na yeye mbele yake akisubiri jina la mfugaji mmoja lifunguke
hadi mtindi ugande.
Kwenye droo nilikuwa na mwingine, mwepesi,
usio na makuu, unaolala popote.
Sijauchomeka, umeme ukakatika,
na barabarani gari la maziwa likapiga honi.

Akaiacha laptopu, akachukua karatasi.
Akaisoma kwa sauti kwenye mwanga wa mlango:
viini viwili, sitini na nne, mia tatu ishirini, mbili.
Ile mbili akairudia.
Akaikunja, akaitia mfuko wa koti
alimolaza kipimo chake cha kioo.

"Jumamosi nakwenda Mwanjelwa," akasema.
"Wewe niazime hiyo bisibisi."