Daftari la Kuni

Bani letu la kwanza lilikuwa la udongo, na ulafi wa fisi.
Tela nne kwa msimu. Niliandika mimi,
kwa penseli, nyuma ya daftari la hesabu la Nyanzala,
maana Mihayo akiandika saba
inasomeka moja, na mwenye trekta hataki kuelewa.

Akaja bwana shamba wa chama cha msingi
na karatasi iliyokunjwa mara nane:
tanuru la matofali, bomba la bati likizunguka ndani, dohani.
"Kuni nusu," alisema, "na jani litatoka na rangi ya ndimu mbivu."
Sikumwamini. Nilimkaangia karanga tu.

Hakusema uongo.
Tulileta tela nne kwa mazoea, tukachoma mbili.
Kuni kubaki! Kwetu sisi, hapa Usoke, kuni kubaki!
Tukazipanga ukutani, kuku wakapata pa kutagia,
nami nikalala usiku mzima wa kukausha
bila mtu kunigusa bega: amka, moto unasinzia.

Lakini Mihayo alizitazama zile kuni
kama aliyeokota noti katika koti la zamani.
Akizizunguka. Akizihesabu. Asubuhi moja, kabla ya chai:
"Mama Nyanzala, hizi si kuni. Hizi ni ekari mbili."

Tukalima.
Bani la pili likasimama, pacha wa la kwanza.
Kisha la tatu, la shemeji Kapela,
aliyeikwepa tumbaku miaka yote kwa sababu ya kuni
na sasa hana sababu.
Haba na haba, tela likajaa.
Na kila bani linakula nusu, naapa, nimekesha nayo yote.
Dohani tatu zinapumua taratibu, kama watu waungwana.

Daftari linasema: nne, mbili, nne, sita.

Zamani trekta lilitoka na kurudi uji haujapoa.
Siku hizi linaondoka Jumatatu, kuelekea Ugalla,
linarudi Jumanne limebeba mitundu
myembamba kama mikono ya Nyanzala.
Ndugu yangu Msavi amehamisha mizinga yake mara mbili.
Mara ya tatu hakuaga.

Jana usiku, chini ya taa ya sola
(inakula kidogo mno, ndiyo maana tumetundika tano,
moja inawamulikia mbuzi),
Nyanzala alichukua daftari lake, akaligeuza nyuma.
"Nusu tatu, mama, ni moja nzima na nusu."
Akatia alama ya vema, kama mwalimu.

Baba yake alikuwa nje, anapima uwanja kwa kamba.
Bwana shamba amerudi. Safari hii ana tanuru la robo.
Sikuuliza robo ya nini.
Nilikwenda kutafuta mayai.
Ukutani hapana kitu.
Niliyakuta manne ndani ya buti la mvua la Mihayo,
bado yana joto.