Mpaka Likubali

Daktari Rwegoshora, umeandika kwa kalamu nyekundu
pembeni ya kipimo cha arobaini na moja:
Mdundo huu umetoka wapi? Fafanua.

Umetoka Mabatini, mwalimu,
kule juu nyumba zilikobanana na majabali
kama meno yaliyoota bila kupangwa,
anakokaa Mama Kwandu na nyundo yake ya kilo mbili,
mguu mmoja kaunyoosha, mwingine kaukunja,
pete ya mpira wa tairi imelishika jiwe lisiruke.
Ndoo ya kokoto anaiuza shilingi ngapi sitasema,
utanihurumia badala ya kunisahihisha.

Nilikwenda na kinasa sauti cha kuazima
na daftari la mistari mitano mitano.
Nikahesabu. Tano, tatu, kimya.
Tano, tatu, mbili, kimya kirefu.
Usiku umeme ukakatika, nikaendelea kwa tochi ya simu,
nikaandika kumi na tatu juu ya kumi na sita,
nikajiona nimevumbua kitu.
Kesho yake nikamwuliza ananyamaza kwa kanuni gani.
Alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani.
"Nikinyamaza najikuna. Au napiga chafya.
Mambo haya umeyasomea miaka mingapi?"

Sita, mama. Na huu wa saba.

Baba yangu hakusomea hata mmoja.
Alifundisha kwaya Igogo kwa chaki na ubao uliopasuka,
d, r, m, nukta mbili, mkato,
akitugawia sauti ya kwanza hadi ya nne
kama mtu anayemega ugali: hakuna aliyelala njaa.
Nilipompelekea kurasa zangu za kwanza
alizigeuza, akazigeuza tena,
akauliza, "Besi wanaingia wapi?"
Nikasema hakuna besi, baba,
kuna mpiga filimbi anayepuliza pumzi tu.
Akanyamaza.
Kimya kile nimekiandika. Ni kipimo cha kumi na tisa,
kile ulichokisifu.

Lakini wewe umeuliza mdundo.

Siku ya tatu nilimvisha Mama Kwandu spika za masikioni
ajisikie mwenyewe.
Chini yetu ziwa linang'aa kama bati jipya,
feri ya Kamanga inapiga honi, yeye kafumba macho,
nami nikadhani anasikiliza muziki.
"Hili jiwe bovu," akasema. "Lina mshipa ndani."
Baadaye kidogo: "Hili gumu. Linalia juu, ngi, ngi.
Likilia hivyo usiongeze nguvu, ligeuze."
Kisha akainua kidole kabla ya pigo,
na pigo likaja, po, la chini,
kama mtu aliyeitika hodi akiwa chumba cha ndani.
"Hapo limekubali."

Miaka saba nafundishwa masikio, mwalimu.
Sikuwahi kusikia jiwe likikubali.

Basi nimefuta kumi na tatu juu ya kumi na sita.
Nimefuta alama za nguvu,
na ule mshale uliosema unapendeza.
Kwenye arobaini na moja nimeacha ukurasa mtupu,
jiwe moja la kweli, nyundo,
na maneno matatu: Piga mpaka likubali.

Najua wajumbe watauliza: mara ngapi?
Na lisipokubali?
Na ukumbi tumeulipia mpaka saa mbili usiku?
Jibu sina.

Jiwe ninalo. Mama Kwandu kanichagulia,
hela akaikataa, akaitazama, akaipokea.
Nimelivingirisha kitenge, nikalitia kwenye begi.
Stendi ya Nyegezi, alfajiri, kijana wa mizigo
akalinyanyua, akalirudisha chini.
"Dada, humu kuna nini?"
"Tasnifu," nikamjibu.
Akaligonga kwa kifundo cha kidole,
akatega sikio.