Bodi la Datsun

Bodi la zamani limeliwa na chumvi:
ukilibonyeza kwa kidole
waiona barabara ya Limbani chini yake.
Kichwa kizima. Injini tuliifunga upya Mfunguo Mosi.
Limebaki la nyuma tu.

Fundi Shaame anayo mawili uani, kuku wanatagia.
La Hilux limezidi shubiri moja na nusu;
nikilipandisha, gari litakuwa mtoto
aliyevishwa kanzu ya kaka yake siku ya Idi.
La bati la kuchomelea ni jepesi,
ila uligongapo lapiga kelele kama sufuria tupu.
Na mbao za mfenesi, zimeegemezwa ukutani,
zingali na ulimbo.

"Hizi haziogopi mvua," anasema,
"wala hazina haraka. Utangoja miezi mitatu zikauke."

Nikapima kwa kamba. Nikapima tena, nikakosea.
Bimize akaja na birika la chai,
akazunguka gari mara moja, akauliza:
"Litabeba nini?"

Mie nilikuwa nawaza rangi.

Nikarudi kwenye lile bovu, nikainama.
Sakafu yake ya mbao, iliyooza nusu,
ilikuwa bado na umande wa asubuhi,
na ikanukia karafuu,
magunia ya baba, mwaka ule wa mavuno
tuliolala juu yake kutoka Mtambwe
tukihesabu nyota na mashimo.

Chuma hakishiki harufu.

Nimetoa arubuni.
Kuku wa Shaame
ameachiwa Hilux yake.