Kiraka Kinachokufa

Kila Jumanne, soko la Kenya halijachangamka,
Mama Kyalwe hunijazia magamba ya samaki
kwenye ndoo iliyokuwa ya rangi.
Mwaka wa kwanza alidhani ni mbolea.
Wa pili, dawa ya mapenzi.
Sasa huyaosha mwenyewe, mara mbili, na kuniongezea ngozi bure.
"Peleka, mwalimu. Ushonee watu."

Asidi hafifu, usiku kucha, kwenye baridi.
Chokaa hujitenga, hubaki uji mweupe
usio na harufu. Karibu usio na harufu.
Naumimina sahanini, naugandisha,
nauvuta maji yake polepole
hadi ibaki sifongo nyepesi kuliko ganda la kitunguu,
ndani vyumba, vyumba, vyumba.
Humo seli zitapanga bila kulipa kodi.
Zitakula kuta.

Baba alikuwa fundi cherehani, Kamalondo.
Alinifundisha kiraka:
kata kikubwa kuliko tundu, pinda ukingo, shona mara mbili,
kiishi kuliko suruali.
Nimemkana kwa jambo hilo moja.
Changu sharti kife.
Kikichelewa kufa, mwili hukizira,
hukizungushia usaha kama mgeni asiyeaga.
Kikiwahi, jeraha hubaki mdomo wazi.
Siku ishirini na moja. Nimetafuta siku hizo
miaka minne.

Sampuli ya thelathini na saba iliuawa na umeme,
uliokatika saa nane usiku.
Asubuhi nilikuta uji, na nzi aliyezama.
Nililia kidogo. Nikaosha sahani.

Shaba ilikuja kwa hasira.
Dirishani kwangu kuna ule mlima mweusi, taka za tanuru,
na bomba lake refu lisilotoa tena moshi.
Nikajisemea: mji umekula mapafu yote haya,
haurudishi hata chembe?
Kumbe chembe yake huua vijidudu,
huita mishipa midogo ije, kama harufu ya bukari iitavyo watoto.
Lakini chembe tu:
pungufu ya kinachobaki kidoleni ukishika sufuria.
Zaidi ya hapo, nayo huua anayeponywa.

Kabwita ni mchimbaji. Asidi ya kuoshea mawe
ilimmwagikia goti mpaka kifundo.
Karatasi ya ridhaa alitaka asomewe mara tatu,
mara ya tatu akatusahihisha jina lake.
Daktari Mwilambwe hakushona.
Aliulaza ule utando kama mtu
anayemfunika mtoto aliyelala, pumzi ameishika.
Mimi nilikuwa mlangoni na barakoa iliyolowa.

Siku ya tisa, pembe moja ilinuka. Tukaikata.
Palipobaki, nyama ilikuwa imeanza kuota,
punje punje nyekundu, mtama mbichi.
"Ndani mulitia nini?"
Nikamwambia: samaki. Na shaba.
Alicheka mpaka muuguzi akaja mbio.
"Shaba? Ile yenye ilinikula mguu, ndiyo munanirudishia?"
"Kidogo."
"Basi muniongezee. Iko deni."

Siku ya ishirini na nne nilichukua kipande,
kidogo kama ukucha wa kichanga, nikakiweka chini ya hadubini.
Nilitafuta kazi yangu. Sikuiona.
Kulikuwa na Kabwita tu, safu kwa safu,
akijisuka bila kuniuliza.
Pale tulipokata, kovu la upana wa dole gumba, limekaza;
akichuchumaa linamvuta, na amerudi kuchuchumaa
shimoni, mwezi huu huu, kwa kuwa watoto wanakula.

Baba angeupapasa mguu ule kutafuta mshono,
alivyozoea kupapasa kazi za mafundi wengine
akiwinda kosa.
Angeuliza: sasa wewe ulifanya nini?

Kesho Jumanne.
Ndoo imepasuka kitako. Nimeiziba kwa lami.