Daftari la Nguruka

Januari, ukurasa wa kumi na nne.
Kambale watatu: sentimita ishirini na mbili,
ishirini na mbili tena, kumi na tisa.
Naandika kwa wino wa buluu.
Kalamu nyekundu naihifadhi kwa makosa.

Mama hakuwa na rula.
Kambale alimpima kwa mkono,
toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati,
na aliyepungua hapo alimwita mtoto wa watu,
akamrudisha Malagarasi, mkia ukimchapa kofi la kwaheri.
Waliobaki aliwakausha kwa moshi,
akawapeleka stesheni kwenye beseni la bati,
na kabla treni haijasimama
harufu ilikwisha panda behewa la tatu.

Sasa maji yameingia kwenye mafunjo.
Huu ndio wakati wa kutaga,
nasi tumeufunga mto kwa karatasi yenye mhuri.

Usiku wa Jumanne, doria,
tulivuta kokoro lililoshonwa kwa vyandarua vinne.
Kimoja bado kina lebo ya zahanati.
Ndani, vifaranga vya perege,
macho matupu, mwili kama ute.
Niliiweka rula, nikaiondoa.
Udogo ule haukuwa na alama yake.

Mwenye wavu akatoka matetenimwe mwenyewe,
maji magotini:
Gwasa, wa tumbo moja nami.
"Andika," akasema.
"Na uandike hili pia: chumvi ya Uvinza tunayo.
Kitoweo cha kuitia ndicho hatuna."

Nikaandika. Nyekundu.
Jina la mwisho la mkosaji
na jina la mwisho la karani
ni moja; mwenyekiti aliyasoma mara mbili,
akakohoa, akasaini.
Kokoro likachomwa. Lilinuka plastiki,
moshi usioita abiria.

Asubuhi nikampelekea nusu debe ya maharage.
Mkewe Nyamwiza alipokea bila salamu.
Mtoto alikuwa amelala mkekani,
mashavu yana vipele vya mbu.
Nikainama, nikamnyoosha mkono taratibu,
kiwiko hadi kidole cha kati.

Sentimita kumi na nne.
Hiyo sikuiandika popote.