Herufi Niliyoimeza

Niliingia kwa Mjane Averil Pottinger nina miaka kumi na mitatu,
mwanagenzi asiye na soksi,
katika kichochoro nyuma ya Kanisa Kuu la London
ambako masizi na mafuta ya kitani
yalishindana na ndoo ya mkojo
tuliolowekea ngozi za kupakia wino.
Neno la Mungu, nilijifunza siku ya kwanza, linanuka.

Nikafunzwa kusoma kinyume,
kulia kwenda kushoto, miguu juu, kama popo.
Vidole vilijua neno kabla ya macho.
Niliweza kupanga "toba" gizani
na nisitubu.

Mchana tulichapa hotuba za askofu, zenye kibali na muhuri.
Usiku, blanketi zikiziba madirisha,
tulichapa vikaratasi vya akina Ezekiel Tubb,
waliosali ghalani bila kasisi
wala kitabu cha serikali.
Risasi ni ileile.
Herufi iliyomlaani mzushi saa nne asubuhi
ilimwombea saa nne usiku
na haikuona haya.
Mjane mwenyewe alikuwa upande gani?
Nilimuuliza mara moja.
"Karatasi ina deni," alisema, "nami nina watoto wanne.
Shika ufagio."

Sasa, ilikuwapo herufi kubwa moja,
ile inayoanzia jina la Mungu,
iliyomeguka ukingoni
kama jino la Ezekiel alilomwachia baharia mlevi.
Kila ilipogusa karatasi iliacha kovu lake.
Sisi tulikwisha kulizoea. Hatukuliona tena.

Bwana Crake aliliona.
Alikuja Jumanne, mvua ikimchuruzika kofiani,
na karatasi mbili na kioo cha kukuzia:
hotuba ya askofu huku, sala ya ghalani huku.
Akazilaza mezani kama mapacha.
"Kovu moja," akasema, "mama mmoja."

Ezekiel alikohoa.
Mjane alikuwa akifuta mikono iliyokwisha kufutika.
Nami nilikuwa nimesimama penye kasha,
na mkono wangu, uliojua kusoma gizani,
ukaiokota, ukaitia kinywani.

Msiseme ni imani.
Niliwaza nyumba hii ikifungwa
nitarudishwa Deptford kwa mjomba
anayelala na fimbo.
Risasi ina ladha ya sarafu iliyonyonywa na mtu mwingine.
Ilikwaruza koo ikishuka,
nikatokwa machozi,
na Bwana Crake akadhani naogopa cheo chake.

Alipekua mpaka mishumaa ikawashwa.
Alimwaga makasha sakafuni,
akapiga magoti akichambua moja moja
kama mpishi anayetoa mawe kwenye dengu.
"Za herufi hii," akauliza, "mlikuwa nazo ngapi?"
"Bwana," akajibu Mjane, "Mungu hahesabiki."

Akaenda zake.

Lakini Jumapili ile askofu alilitaja jina hilo
kuliko makasha yetu yalivyoweza.
Ukurasa wa kumi na tisa tukaishiwa.
Mstari wa saba nikapanga herufi ndogo,
Mungu mdogo, mara moja tu,
nikaomba mhakiki awe na usingizi.
Hakuwa nao.
Shilingi arobaini, faini ya kufuru.
Kwa sala za wazushi tuliponyoka;
tukanaswa kwa hotuba ya askofu.

Mjane alilipa, hakunitazama.
Kesho yake nilikuta soksi juu ya kasha langu,
za sufi, kubwa mno,
na hakuna aliyezitaja.

Wiki nzima nilichungua kwa kijiti,
mtanisamehe, kila asubuhi nyuma ya zizi.
Sikuiona ikitoka.

Leo nina miaka sabini na jino moja.
Kasisi wa sasa, kijana mwenye sauti nzuri,
hutwambia Mungu yumo moyoni.
Wa kwake, huenda.
Wangu najua alipo:
chini kidogo ya mbavu, upande wa kushoto,
amegeuka kinyume,
na ana pengo.