Kitufe Chekundu

Kitufe chekundu nilikiziba kwa plasta.
Joto la nini, Pemba?
Nilimwambia hivyo hata Mize Faki, fundi,
kalala chali chini ya gari la wagonjwa
akikaza mpira wa maji ya betri.
"Kiache. Hujui kitakudai lini."

Kazi yangu ilikuwa baridi tu.
Mchana wa kaskazi betri digrii arubaini na mbili,
mgonjwa nyuma anajipepea kwa kadi ya kliniki,
na kompresa ni moja, ya kuwagawia wote wawili:
vali ikifunguka huku, kule kunahema.
Nikajifunza kuisikiliza
kama mke mwenza asikilizavyo mlango
usiku wa zamu ya mwenziwe.

Kisha usiku ule wa masika, kutoka Konde.
Mtoto wa Riziki, miezi saba, kilo moja na robo,
kaviringwa kanga mbili, midomo rangi ya zambarau.
Chake Chake bado mbali.
Nikabandua plasta kwa kucha.

Vali ikageuka. Niliisikia: tk.
Lile joto nililolifukuza mwaka mzima,
nililolitukana kila mlima baada ya Kinyasini,
likatoka kwenye betri, likapita miguuni pangu,
likaenda nyuma, taratibu,
hadi kwenye nyayo zisizotimia kidole changu.

Hakulia. Kwanza alipiga chafya.
Riziki akacheka, kilio ndani yake,
na mimi jasho linanichuruzika mpaka kiunoni,
sithubutu kugusa kitu.

Plasta ingali imenata kwenye usukani.